Inchi Nne za Msambya

3 Machi 1954, Kayanga
Mvua imeanza leo saa nane mchana, bila hata kutuandalia wingu. Jeshini walinifundisha kuandika kila siku gari lilikotoka na lilikokwenda, na ugonjwa huo haujanitoka, ila siku hizi naandika na ya watu. Mimi ni Gosbert, fundi wa magari. Gereji yangu ni kibanda cha nyasi kando ya barabara, na hapa karibu hakuna fundi mwingine, kwa hiyo mimi ndiye bora.

6 Machi
Vani ya Mzee Yustasi imekwama tena njia ya Kamuli. Tope limekatwa na magurudumu mpaka limekuwa mifereji miwili, na katikati limebaki tuta. Gari linalalia tumbo juu ya tuta hilo, magurudumu yanazunguka hewani, abiria wanashuka kusukuma na nguo zao za Jumapili. Dereva wake, Anatory, alifika kwangu kwa miguu, tope mpaka masikioni.
"Munywani wangu," akasema, maana mimi na yeye tuliapiana urafiki wa damu, "gari hili ni fupi. Lingekuwa na miguu kama ng'ombe wa kwetu tungefika."
Nikamwambia miguu nitampa mimi.

8 Machi
Mzee Yustasi amekubali. Ana duka hapa na shamba la kahawa Kamuli, na vani hii ndiyo fahari ya ukoo wake. Nimemweleza hivi: kati ya springi na ekseli nitaweka magogo ya msambya, mti usiokubali mchwa wala mvua, unene inchi nne, mawili mbele na mawili nyuma. Juu yake nitaongeza mabamba mawili ya springi kutoka kwenye lori bovu, ili gari lisidhoofike kwa mzigo. Melkiory mhunzi atanifulia boliti ndefu za kukumbatia vyote hivyo.
"Una hakika?" Mzee akauliza.
"Mzee, kazi yangu hairudiwi mara mbili."
Nilisema hivyo mbele ya watu kumi na tano. Midomo yangu hii!

11 Machi
Loo, siku ya leo niiandike vizuri. Vani imesimama juu kama bwana harusi. Mbuzi alipita chini yake bila kuinama, na watu wakapiga vigelegele kama vile mbuzi naye ni kazi yangu. Anatory akaliendesha hadi kwenye tope baya kuliko yote, lile la bondeni kwenye mafunjo, akalivuka bila kugusa kitu. Akarudi, akalivuka tena, kwa raha tu. Mzee Yustasi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mke wangu Kokushubira alikuwepo, akaona yote. Mpaka naandika hivi sijaacha kutabasamu.

14 Machi
Mvua. Vani imepita mara nne. Haikukwama.

16 Machi
Kyarimpa, yule mama mwenye ng'ombe kule mbugani, alimpa Anatory vibuyu viwili vya maziwa awapelekee wanawe Kamuli. Leo amenifuata mwenyewe gerejini, kibuyu kwapani.
"Fundi, wewe ndiye uliyelipandisha gari lile?"
"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."
"Marahaba. Niliwapelekea wanangu maziwa, wamepokea siagi. Nije kukupa kazi ya kusukasuka?"
Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nikacheka, lakini kwa nje tu. Nilimwambia ni barabara, si gari. Akanitazama kama anavyotazama ndama anayejifanya mgonjwa.

19 Machi
Ma Pulkeria, ambaye ni bibi wa nusu ya watu wa Kamuli, anasema hatapanda tena. Anasema zamani gari lilikuwa linambembeleza, sasa linampiga mateke. Mgongo umemkaza siku mbili. Nilijibu kwamba bibi wa umri ule mgongo hukaza hata akipanda kitanda. Kokushubira akaniambia, "Umemjibu vibaya." Nikamwambia akatazame sufuria yake.
Ukweli ni kwamba springi zimekuwa ngumu mno. Mabamba mawili ya lori ni mazuri gari likijaa magunia. Likiwa na watu sita na vikapu vyao, halibonyei hata kidogo, kila jiwe linawafikia mifupani. Nilijua litakuwa gumu kidogo, ila siagi sikuitegemea.

22 Machi
Mvua. Nimetengeneza baiskeli ya katekista.

25 Machi
Anatory alikuja jioni, akakaa juu ya tairi, akachelewa kusema. Yeye ni mtu wa namna hiyo, huwezi kujua ana neno mpaka limpasue.
"Usukani unanivuta mkono," akasema mwisho.
"Unakuvutaje?"
"Nikipita shimo, gari linageuka lenyewe. Silipigi kona mimi. Linaelekea kushoto, halafu linarudi. Na kwenye kona linalala upande, abiria wanashikana. Jana Xaveria wa dukani alitapika."
Nikamwambia amezoea gari fupi, na gari refu lina tabia zake, alishike kiume. Akasema, "Haya, wewe ndiye fundi." Akanyanyuka, akaenda. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Anaamini ninachomwambia kama anavyoamini jua litatoka Rwanda ama Bukoba, upande wowote nitakaomwambia mimi.

28 Machi, Jumapili
Watu walipokwenda kanisani nililichukua gari mwenyewe. Nilimwambia Kokushubira tumbo linaniuma.
Nilishuka nalo ule mteremko wa bondeni, polepole. Shimo la kwanza, usukani ukaniruka mkononi. La pili nikalishika kwa nguvu zote, na hata hivyo pua ya gari ikaenda kushoto kama ng'ombe aliyeona mlango wa zizi. Nikasimamisha. Nikalala chini kwenye tope na nguo nzuri, nikatazama.
Kumbe ni jambo la mtoto wa shule. Kuna fimbo ya chuma inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda gurudumuni. Gari lilipokuwa fupi fimbo hiyo ililala sawa. Sasa mwili umepanda inchi nne na gurudumu limebaki chini, kwa hiyo fimbo imeinama kama boriti ya paa. Ekseli ikipanda kwa kugonga shimo, fimbo inalisukuma gurudumu, na gurudumu linageuka bila kuulizwa. Dereva hana kosa. Angekuwa malaika lingemgeukia vilevile.
Na dawa yake naijua. Mkono wa usukani upashwe moto kwa Melkiory, ukunjwe ushuke chini inchi nne, fimbo ilale tena sawa. Kazi ya siku mbili. Na mabamba yale mawili yatolewe, na mzigo usipandishwe juu ya paa, maana gari likipanda na uzito wake hupanda.
Siku mbili tu. Lakini nitamwambia nini Mzee Yustasi? Kwamba ile kazi isiyorudiwa mara mbili inarudiwa? Nimeliosha gari, nimelirudisha. Anatory alipotoka kanisani akaniuliza, "Umepona tumbo?"
Nikasema nimepona.

29 Machi
Nitamwambia wiki hii, mvua ikipungua.

3 Aprili
Haijapungua.

9 Aprili
Anatory ameniletea gari tena. "Lile jambo la usukani," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nikaingia chini ya gari, nikakaa huko muda wa kutosha, nikagonga gonga kwa spana ili asikie kazi. Nikapaka grisi. Nikatoka. "Sasa litakuwa laini," nikamwambia.
Akafurahi. Akalijaribu hapo barabarani palipo tambarare, akaniinulia mkono dirishani. Najichukia ninapoiandika hii. Basi nijichukie, lakini niiandike.

12 Aprili
Mvua. Anatory anaendesha polepole sana siku hizi, watu wanamtania kwamba mwenye miguu anafika kwanza.

17 Aprili, Jumamosi kuu
Niandike pole pole.
Saa tisa alasiri alikuja mtu anakimbia kutoka bondeni akisema vani imelala. Nikaacha kila kitu. Mbio zote zile nilikuwa nahesabu kichwani abiria wangapi, na nikawa najiambia labda ni tope tu.
Halikuwa tope. Gari lililala ubavu wa kushoto ndani ya mfereji, magurudumu ya kulia yako juu, na magogo yangu yanaonekana wazi. Anatory alikuwa amechukua watu tisa wanaokwenda nyumbani kwa Pasaka. Juu ya paa mikungu ya ndizi kama ishirini, na ndani vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, vya sherehe ya kipaimara ya watu wa Kamuli. Wanasema alikuwa anatambaa tu. Likaingia shimo lile la kati, likachomoka, likageuka kushoto, na kwa mzigo ule wa juu likaanguka taratibu, kama mtu mzito anapokaa kitini. Wamesema hivyo, taratibu.
Hakuna aliyekufa. Nimeanza kuandika sentensi hii mara tatu ili nione kama itanituliza. Ma Pulkeria, aliyekuwa amekubali kupanda tena kwa sababu ya Pasaka, amevunjika mfupa wa bega. Anatory aliutoa mkono wa kulia ili auzuie usukani usizunguke, ukamzungukia nao. Kifundo kimevunjika vibaya. Tulimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, tukipokezana, wanaume wanane, mvua ikitupiga. Nilikataa kupokewa zamu. Wenzangu walidhani ni mapenzi.
Na vibuyu vile vyote vilipasukia kifuani mwake. Alikuwa analoa rubisi tangu kichwani. Kila aliyekuja kumtazama alinusa, akamtazama mwenziwe. Miaka mitatu iliyopita Anatory aliacha pombe, akaapa mbele ya padri na mbele ya mkewe Eustadia, na hajaionja tangu siku ile. Mimi najua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini nilimsikia mtu wa nyuma ya machela akisema, "Kumbe anakunywa njiani."
Nilikuwa nimeshika mti wa machela ule wa kichwani kwake. Sikusema kitu.

18 Aprili, Pasaka
Mzee Yustasi amesema ataita fundi kutoka Bukoba alikague gari.
Watu wote wakiwa kanisani, nilishuka bondeni na jeki na spana. Niliyafungua magogo yote manne na yale mabamba ya lori, nikafunga boliti za zamani. Fimbo ikalala sawa kama ilivyotoka kiwandani. Mtu akiniuliza nitasema gari haliwezi kuvutwa likiwa limepanda. Na ndivyo nilivyosema, na wote wakasema, "Kweli, fundi."
Magogo niliyatupa uani. Nilipoamka kutoka usingizini alasiri, Kokushubira alikuwa ameyatia jikoni. "Kuni zako zimeshiba mafuta, zinawaka vizuri," akasema. Alikuwa amepika matoke na nyama ya Pasaka. Akafungasha sehemu kubwa kwenye majani ya mgomba ampelekee Anatory hospitalini.
Sikumzuia. Anatory alikula. Alinitumia salamu kwamba ni tamu.

19 Aprili
Mzee Yustasi aliniuliza mbele ya watu, "Gosbert, wewe ndiye unayelijua gari hili. Lilikuwa na kosa?"
Nikasema, "Gari ni zima, Mzee."
Maneno manne. Nimeyahesabu.

23 Aprili
Fundi wa Bukoba amekuja, amelala chini ya gari dakika kumi, amefuta mikono. Usukani mzima, breki nzima. Akanisifu kwa kulivuta gari vizuri.

27 Aprili
Mzee Yustasi ameandika barua ya kwenda boma Bukoba kwamba Anatory anyang'anywe leseni asiendeshe tena gari lolote, kwa kuwa alilewa akiwa na abiria. Haijapelekwa. Inasubiri baraza la mkungu, mkuu wetu wa kijiji, tarehe nane. Baraza likikubali, barua itakwenda, na jina lake litakwenda nayo. Eustadia kisimani wanawake wanampisha, kumbe si kwa heshima. Binti yao alikuwa ameposwa. Wale wakwe wametuma mtu kusema wasubiri kidogo.

1 Mei
Tumbo linaniuma kweli sasa. Kwetu wanasema anayemsaliti munywani wake huvimba tumbo. Mimi na Anatory tulifanya agano lile niliporudi vitani: buni ya kahawa yenye punje mbili, kila mmoja akapaka punje yake damu ya kitovuni, tukabadilishana, tukatafuna. Padri alikasirika, sisi tukacheka. Tangu siku ile shida yake ni yangu na mke wake ni dada yangu. Nimejipapasa tumbo. Halijavimba. Ni woga tu, nao hauna heshima hata ya kuwa ugonjwa.

5 Mei
Leo nimekwenda kumtazama nyumbani kwake. Sikuwahi kukaa naye peke yetu tangu siku ile, nilikuwa natafuta watu wa kuingia nao.
Alikuwa kibarazani, mkono umefungwa vibao. Vidole vimevimba, na viwili havisikii. Eustadia akaniletea kahawa ya kutafuna, akanipa kwa mikono miwili kama kawaida, akaingia ndani.
"Nimefikiri sana," Anatory akasema. "Fundi wa Bukoba amesema gari zima. Wewe umesema gari zima. Wewe huwezi kuniongopea. Kwa hiyo ni mimi."
"Ni wewe vipi?"
"Labda nilisinzia. Labda harufu ya ile rubisi ilinipanda kichwani, maana nilikaa nayo mbele safari nzima. Najaribu kukumbuka, nakumbuka usukani unanivuta, halafu najiambia, aa, hapana, Gosbert aliushughulikia, ukawa laini. Basi mkono wangu ndio uliovuta. Mtu anaweza kufanya kitu asijue." Akacheka kidogo. "Namwomba Mungu anionyeshe nilipokosea ili nitubu vizuri. Siwezi kutubu nisichokikumbuka."
Nilikuwa na punje mdomoni. Sikuweza kuimeza wala kuitema. Niliaga, nikatembea mpaka kwenye migomba yake, nikalia huko kama mtoto aliyechapwa. Nilidhani nimemnyang'anya kazi na jina tu. Kumbe nimemnyang'anya mpaka macho yake mwenyewe, sasa anatumia yangu, nayo yanamdanganya.
Nitasema barazani. Nimeandika, na lisomwe.

8 Mei
Nimesema.
Mkungu alikaa kitini, Mzee Yustasi kulia kwake na ile barua mfukoni, watu wamejaa mpaka barabarani. Anatory alikuwa amesimama. Alipoulizwa akasema, "Sikunywa, ila kosa ni langu, nakubali." Watu wakanung'unika. Ndipo nikainuka.
"Kosa si lake, ni langu mimi. Nililipandisha gari, na kulipandisha ndiko kulikoliangusha. Usukani uliharibika kwa kazi ya mikono yangu."
Mkungu akatabasamu! Akasema, "Mmemsikia? Hivi ndivyo munywani anavyotakiwa awe." Mzee mmoja akapiga makofi. Wanawake wakaguna kwa huruma, yule Kyarimpa akafuta macho. Nikapaza sauti, "Sisemi hivi kwa ajili ya agano, nasema kweli!" Wakazidi kunipenda.
Mzee Yustasi akasema kwa upole, "Gosbert, mwanangu, tunajua unavyompenda. Lakini gari lile lilivuka matope mwezi mzima, hata wewe mwenyewe ulisimama hapa ukasema ni zima. Na fundi wa Bukoba je? Usijichafue bure."
Nilizungumza habari za fimbo na ekseli, ila kwamba niliyatoa magogo ili fundi wa Bukoba asiyaone, hilo sikuligusa. Walinisikiliza kama wanavyomsikiliza mlevi wa msibani. Wakati wa kutoka watu wanane walinishika mkono. Kokushubira njia nzima alinishika kiwiko, ana fahari na mume wake. Aibu nyingine zote nilizozijua kabla ya leo zilikuwa za kitoto.
Ila Anatory hakunishika mkono. Alinitazama tu, na nadhani alianza kukumbuka.
Mkungu ameahirisha hukumu wiki moja, kwa heshima yangu.

9 Mei, Jumapili
Sikwenda kanisani. Nilikata msambya.

12 Mei
Melkiory ameuliza kwa nini nataka tena zile boliti ndefu. Nikamwambia nataka kuonyesha upumbavu wangu. Akasema hatanitoza kitu, mpumbavu hatozwi.

15 Mei
Mzee Yustasi alikubali kwa kunihurumia. Vani nimeinyoosha, imesimama uwanjani mbele ya baraza. Asubuhi ilikuwa fupi, bila magogo. Chini ya magurudumu ya mbele niliweka magamba mabichi ya mgomba, yanayoteleza, ili gurudumu likitaka kugeuka lisizuiwe na ardhi. Usukani niliufunga kwa kamba kwenye kiti, nikamwambia mkungu aje aivute kamba mwenyewe. Akaivuta. Imekaza.
"Sasa wanaume kumi waje walikandamize gari mbele, wote kwa pamoja."
Wakakandamiza. Pua ikashuka, ikapanda. Magurudumu yakabaki yanatazama mbele. Wakakandamiza tena. Vilevile.
"Rudini saa nane," nikasema.
Nilifunga magogo watu wakila. Jasho linanitoka na sikuwa na haraka, nilikuwa naifunga kamba ya shingoni mwangu. Saa nane wakarudi, wengi zaidi. Magamba mapya, usukani umefungwa kwa kamba ileile, mkungu akaivuta tena. Sikutia yale mabamba magumu safari hii, nilitaka springi zibonyee kama zilivyobonyea kwa watu tisa na mikungu ishirini.
"Kandamizeni."
Kumi wakalala na uzito wao juu ya bampa. Pua ikashuka. Na magurudumu yote mawili, bila mtu kuyagusa, yakageuka kushoto.
Mkungu akainama, akautazama usukani, umefungwa, haujasogea hata unywele. "Tena," akasema. Wakakandamiza tena, yakageuka tena. Mtu mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Ma Pulkeria, bega limefungwa kitambaa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Basi hicho ndicho kilichotuangusha. Na yule maskini mliwaambia watu amelewa."
Mzee Yustasi akaitoa ile barua akaichana vipande viwili, vinne, nane. Hakunitazama. Akamfuata Anatory, akamvulia kofia, na mzee yule sijamwona akimvulia kofia hata mkuu wa wilaya. Watu wakaanza kumfuata mmoja mmoja kumpa pole. Mimi nilibaki na spana yangu. Wale waliokuwa wakinishika mkono wiki iliyopita walinipita kwa mbali, kama mtu anavyopita shimo.
Mkungu peke yake alisema, "Bora umeligundua, Gosbert, ingawa umechelewa. Fundi hujifunza." Na wengine wakaitikia, eti kweli, hakujua, maskini, amejua baadaye.
Nikalikubali neno hilo. Niliinamisha kichwa nikalipokea kama zawadi.

16 Mei, Jumapili
Mvua kidogo. Wakwe wa Anatory wametuma mtu, posa inaendelea.

19 Mei
Watu wameanza kunisalimia tena. "Si alikuwa hajui," wanasema. Nalala vibaya kuliko kabla ya baraza.

22 Mei
Mvua imekatika. Anga leo ilikuwa safi, watu wanaanika maharage.
Anatory amekuja gerejini. Vidole viwili vimekufa kabisa, daktari amemwambia hataweza tena kushika usukani wa gari. Leseni anayo, jina analo, mkono hana. Alikaa juu ya lile tairi, akachelewa kusema.
"Nitakuuliza jambo moja," akasema. "Sitauliza tena."
"Uliza."
"Ulijua lini?"
Hakuna aliyekuwapo. Tarehe ishirini na nane Machi njia ilikuwa tupu, wote walikuwa kanisani, na gari nililiosha. Kijiji kizima kimeshaniandalia jibu, kilichobaki ni kulitamka. Alikuwa ananitazama kwa namna iliyonifanya nione kwamba naye anataka sana niseme hivyo. Angekubali. Tungetafuna kahawa, tungekwisha.
"Kabla," nikasema. "Siku ishirini kabla. Nililiendesha mwenyewe ukiwa kanisani. Nilijua kosa, nilijua na dawa. Ulipoleta gari tarehe tisa, nilipaka grisi tu."
Aliuinua ule mkono mbovu kwa ule mzima, akauweka mapajani, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala.
"Siku ishirini," akasema.
"Ndiyo."
"Nilipita bondeni kila siku. Mara mbili mbili."
"Ndiyo."
Akasimama. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Akasema, "Kokushubira anajua?"
"Hajui. Anadhani kama wengine."
"Yeye ndiye aliyeniletea chakula kila siku hospitalini, anasema, mume wangu hali, halali, kwa ajili yako." Akavaa kofia yake kwa mkono wa kushoto, ikakaa upande. "Mwambie. Sitaki kuwa peke yangu ninayejua wewe ni nani."
Akaenda. Hakuaga, na mimi sikumwita.
Nimefika nyumbani sasa hivi. Kokushubira yuko uani anapepeta maharage. Ameniuliza mbona nimekaa ndani na kuna jua. Nimemwambia nakuja.